Nilimpelekea mama mwenye nyumba ua la makaburini: mwaka wangu mmoja na ua la Novemba

Kama umezaliwa Novemba na uko Ufaransa, au unajiandaa kuja huku kusoma, naomba usimpelekee mtu krisanthemu, lile wanaloliita ua la waliozaliwa Novemba, nyumbani kwake kabla hujasoma hii mpaka mwisho. Mi nilipeleka. Ua lenyewe lilikua yuro 14, sio hela nyingi, ila baada ya hapo niliishi siku kadhaa nyumba moja na mtu ambaye hanisemeshi zaidi ya salamu ya asubuhi, na sikua na ndugu hata mmoja mji ule wa kumuuliza nimekosea wapi.

Nianzie nyumbani ili mnielewe. Nimekulia Umalila, kule milimani Mbeya, kwa bibi mzaa mama. Kwetu hakuna kitu kinaitwa ua la mwezi wa kuzaliwa. Harusi ina maua, msiba una mashada, kanisani kuna maua Jumapili, basi. Ua kubwa kuliko yote kwetu ni pareto, lile jeupe lenye kiini cha njano linalotoa dawa ya kuulia wadudu, ila hakuna mtu anayeiona pareto kama ua la kumpa mwenzako, pareto ni hela. Ada yangu, sare, daftari, vyote vimetoka kwenye pareto ya bibi. Tulikua tunachuma kabla ya shule kukiwa na ukungu bado, unaweka kwenye kikapu, unapeleka kuanika, unageuza, unaokota takataka, na inakatisha tamaa kweli maana kilo nne au tano mbichi zikikauka unabaki na kilo moja. Bibi alikua na jicho la kujua ua lipi limefika na lipi bado. Ukichuma changa anakwambia "mjukuu wangu, hilo umeliua bure", maana dawa inakua haijajaa kwenye kiini.

Sasa Septemba nikaja Marseille kusoma uzamili. Nikapata chumba kwa mama mmoja mtu mzima, miaka sabini na kitu, mume wake alikua amefariki majira ya kuchipua ya mwaka huohuo. Kodi ilikua nafuu kwa sababu nilikua namsaidia manunuzi na kubeba vitu vizito. Nilimwita Madame na hadi leo namwita hivo. Alikua mpole ila mwenye mipaka yake, ukiongea nae anatumia lugha ya heshima na wewe unatumia hiyohiyo.

Katikati ya Oktoba nikiwa dukani nikaona kadi nzuri zenye maua yaliyochorwa kwa kila mwezi. Januari karafuu-maua, zile wanaziita kanesheni, Juni waridi, Oktoba marigodi, Novemba krisanthemu. Chini ya Novemba imeandikwa urafiki, furaha, maisha marefu. Nimezaliwa tarehe 6 Novemba, nikasimama pale naisoma ile kadi kama vile imeandikwa kwa ajili yangu, maana unapokua mbali na kwenu kitu chochote kinachokutaja unakishika. Nikainunua. Tena nikatoka nje nikakuta maduka yote yamejaa krisanthemu, za njano, nyeupe, zambarau, kuanzia duka la maua hadi supamaketi, vyungu vimepangwa mpaka barabarani. Nikajisemea kumbe hawa watu wanausherehekea mwezi wangu.

Jumapili iliyofuata Madame alinialika chakula cha mchana na watoto wake, mara ya kwanza kukaa nao mezani. Kwetu huendi mikono mitupu. Nikachagua chungu kikubwa kuliko vyote, njano tupu, limejaa kama mpira. Nikaingia nalo, nikampa Madame kwa mikono miwili kama ninavyompa mkubwa kitu, nikasema kwa Kifaransa changu kile cha kujifunza, hili ni ua langu na maana yake ni maisha marefu.

Meza yote ilinyamaza. Madame alipokea, akaangalia, akaliweka chini taratibu. Binti yake akalichukua akalipeleka kwenye roshani akafunga mlango wa kioo. Tukala. Hakuna aliyenigombeza, hakuna aliyenieleza, na hilo ndo liliniumiza zaidi kuliko ningegombezwa. Nilirudi chumbani nikijua nimefanya jambo baya na sijui ni lipi. Nilifikiri labda ni mikono, labda chungu ni cha bei ndogo, labda ngozi yangu, yani nilipita kila mahali pabaya kichwani.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa Kikomoro. Marseille ina Wakomoro wengi sana, na nikiongea Kiswahili taratibu na yeye Kikomoro chake tunaelewana vizuri tu, ikigoma tunamalizia na Kifaransa. Nilimsimulia tukiwa tunasubiri basi. Akashika mdomo. Akaniambia dada, hayo ni maua ya makaburi. Tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu Wote, inafuata tarehe 2 ya Marehemu Wote, na kwa kua tarehe moja ndo ya mapumziko watu wote wanaenda siku hiyo kusafisha makaburi ya ndugu zao na kuweka krisanthemu. Ndo maana maduka yamejaa. Mtu hamuwekei mwenzake aliye hai krisanthemu mezani.

Na mimi nimempelekea mjane, mume wake ana miezi sita tu kaburini, na nikamwambia maana yake maisha marefu.

Niliyojifunza baadae nimeyapata kwa kusoma na kuuliza watu, na nawapa hapa mapema maana ningeyajua Oktoba ile nisingemuumiza yule mama. Hii mila haijatoka mbali sana. Zamani Wafaransa wengi walikua wanawasha mishumaa makaburini, halafu vita kuu ya kwanza ikaisha tarehe 11 Novemba 1918 na nchi imejaa wafiwa, na Novemba ya 1919 walipokumbuka mwaka mmoja wa kusitisha vita makaburi na minara ya askari ikapambwa kwa maua, na ua gani linachanua Ulaya mwezi huo na kuvumilia baridi nje? Krisanthemu. Kwahiyo jambo la msimu tu likageuka likawa maana. Ubelgiji ni hivohivo, Italia, Hispania, Poland pia, ukienda nchi hizo shika sheria hiyohiyo. Uingereza na Marekani sio shida, kule ni ua la majira ya kupukutika majani, wanaliweka mlangoni. Uholanzi wanaliweka sebuleni mwaka mzima. Australia ndo kabisa, wanawapa mama zao Siku ya Mama mwezi Mei, kwa sababu Mei kule ndo majira ambayo krisanthemu linachanua.

Yani ua moja, chungu kilekile, kwa mtu mmoja ni "mama nakupenda" na kwa mwingine ni kaburi la mume wake.

Hizi orodha za mwezi wa kuzaliwa nazo nilidhani ni kitu cha kale sana, kama nyota hivi. Nikaja kuona ni desturi iliyojengwa Ulaya kidogokidogo. Mke wa balozi wa Uingereza kule Istanbul, Lady Mary Wortley Montagu, aliandika kwenye barua zake za 1717 na 1718 jinsi watu wa kule wanavyotumiana vitu na maua vyenye ujumbe ndani, Ulaya ikapenda sana wazo hilo. 1819 kikatoka kitabu Paris cha lugha ya maua, Waingereza wakalichukua enzi za malkia Victoria wakatunga maana kwa kila ua na kila rangi. Katika hizo maana za kwao, krisanthemu jekundu ni nakupenda, jeupe ni ukweli, na la njano ni penzi lililodharauliwa. Mimi nilichukua la njano. Hata kwa hesabu za wale waliotunga mambo haya nilikua nimebeba ujumbe mwingine.

Na orodha inafuata hali ya hewa ya kaskazini, angalia utaona, Januari orodha nyingine, zaidi ya ile kanesheni, zimeweka kiua kinachotokeza kwenye theluji, Novemba wameweka kinachovumilia baridi. Sisi wa Mbeya tarehe 6 Novemba mvua ndo zinaanza, na Kitulo pale juu, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, ndo inaanza kuamka, kuna orkidi za ardhini aina kama 45 zinasubiri mvua. Na mkrismasi wote mnaujua, mti unawaka mwekundu kuelekea Desemba na jina lake lenyewe ni kalenda. Tukitaka orodha yetu tunayo, hatujaiandika tu kwenye kadi.

Turudi kwa Madame. Nilikaa siku nne natafuta maneno. Kosa la pili ambalo karibu nilifanye ni kumuandikia karatasi na kuipitisha chini ya mlango, yule dada wa Kikomoro akanikataza, akasema mkubwa unamfuata mwenyewe. Nikamfuata jikoni. Nikamwambia sikujua, kwetu ua hili halina maana hiyo, nilidhani nakuombea maisha, naomba unisamehe. Sikuweka maelezo marefu, sikumwonyesha ile kadi kujitetea. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe. Akasema anajua sikujua, alijua tangu siku ile, ila alipoliona alishindwa, maana alikua bado hajanunua la mume wake, alikua anaahirisha kila siku, na mimi nikaliingiza ndani. Akalia kidogo, na mimi nikalia.

Nilimwambia kama anataka alipeleke lile kaburini. Akakataa, akasema hilo ni lako, umelileta ukiwa na nia nyingine, litunze. Alinunua lake jeupe akaenda na watoto. Mimi sikualikwa na sikutegemea kualikwa.

Basi lile la njano likahamia dirishani kwangu na hapo ndo nikaanza kuishi nalo.

Kwanza, watu wengi huku wanalitupa likishanyauka, wanafikiri limekufa. Halijafa. Ukikata mashina ukaacha kama sentimita kumi na tano na ukaliweka sehemu yenye baridi lakini isiyoganda, maji kidogokidogo, majira ya kuchipua yanatoka machipukizi mapya chini kabisa. Langu lilichipua Machi. Nakumbuka vizuri kwa sababu ni Machi hiyo bibi yangu alifariki.

Sitasema mengi. Mama alinipigia alfajiri. Tiketi ya haraka kwenda Dar ilikua zaidi ya yuro 900 na kutoka Dar bado Mbeya na kutoka Mbeya mjini bado Umalila, na mimi akiba yangu yote ilikua 340, na kwetu mazishi hayasubiri. Nikazika kwa simu. Binamu yangu alishika simu juu, mtandao unakatika, naona miavuli, naona udongo, sauti za kwaya zinakuja zinapotea. Ilipokatika moja kwa moja nilikua nimekaa kitandani, na mbele yangu kuna hicho chungu chenye majani mapya. Kama uko nje na una mzazi au bibi mtu mzima, weka hela ya tiketi pembeni tangu mwezi wako wa kwanza huko, hata ukiweka 30 kwa mwezi, iite jina lake usiiguse. Mi sikuweka.

Madame alisikia nikilia. Aligonga, akaniletea supu, akakaa bila kuuliza kitu. Kuanzia siku hiyo tukawa watu wengine.

Mei na Juni nikawa nakata vichwa vya machipukizi ili ua litawanye matawi, nilielekezwa na mzee mmoja anauza maua sokoni, unakata ncha kila tawi likifika kama kiganja, unaacha mwisho wa Julai. Na hapo mikono yangu ikaanza kuwasha. Vipele kati ya vidole, hadi kwenye kiwiko, nikabadilisha sabuni mara mbili, nikanunua losheni ya yuro 19 isiyosaidia chochote. Nikaenda duka la dawa, mfamasia akaangalia akaniuliza, unashika krisanthemu? Akasema wauza maua wengi wanaumwa hivyo, lina kemikali inayochokoza ngozi, na mimea ya ukoo wake nayo inafanya hivyo, akataja alizeti, akataja na pareto.

Nilishtuka jinsi alivyotamka, pirethri, nikamuuliza ile nyeupe ya kuulia wadudu? Akasema ndio, hiyohiyo.

Nimetoka pale nimekaa kwenye benchi. Kwa sababu mikono ile naijua. Ni mikono yangu ya darasa la tano nikitoka kuchuma, ni mikono ya bibi, alikua anapaka mafuta ya nazi jioni anakuna taratibu, tukajua ni umande. Nikaanza kusoma usiku huo. Kumbe wataalamu wa mimea kwa miaka mingi waliiweka pareto humohumo kwenye kundi la krisanthemu, jina alilolirasimisha Linnaeus mwaka 1753 kutoka Kigiriki, maana yake ua la dhahabu, baadae ndo wakaihamishia kundi la jirani. Asili ya pareto ni pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo. Ikaenda Japani miaka ya 1880, na huko ndo jamaa anaitwa Eiichiro Ueyama akatengeneza vijiti vya kufukuza mbu 1890, mke wake Yuki akatoa wazo la kuvizungusha viwe kama nyoka aliyejikunja ili viwake muda mrefu, ndo hii dawa ya mbu ya kuchoma tunayoijua wote, ingawa nyingi za siku hizi zina kemikali za kiwandani zilizoigwa kutoka kwenye pareto. Kenya ikafika mwishoni mwa miaka ya 1920, Tanganyika baada ya hapo, na vita kuu ya pili ilipozuia ya Japani kufika sokoni nyanda zetu za juu zikawa ndo tegemeo. Inataka baridi ya mwinuko ndo itoe maua, ndo maana iko Molo, iko Mufindi, iko kwetu Umalila.

Kwahiyo ua la kwenye kadi, lile nililodhani nimelikuta Ulaya, nilikua nimelelewa na binamu yake. Nilimpigia mama nikamwambia. Akasema "mwanangu, bibi yako angekuuliza hilo la huko linanunuliwa kilo shilingi ngapi". Tukacheka wote, mara ya kwanza tangu Machi.

Ushauri hapo: vaa glavu. Osha mikono kabla hujashika uso. Kama una pumu au ngozi yako inagombana na alizeti, hata chai ya krisanthemu ijaribu kwa tahadhari.

Na kuhusu chai, tafadhali sana, usichume petali za chungu cha dukani ukachemsha. Mimi nilifanya hivyo Novemba ile ya kwanza nilivyosoma kwamba Wachina wanakunywa. Ilikua chungu kama shubiri na tumbo liliniuma usiku kucha, na baadae yule mzee wa sokoni akaniambia vyungu vya mapambo vinapuliziwa dawa ambazo sio za kuliwa. Wachina wanakunywa kweli, karne na karne, ila ni maua yanayolimwa kwa ajili ya kinywaji, unayakuta yamekaushwa kwenye maduka ya vyakula vya Asia, pakiti ndogo nilinunua yuro 5. Maua matano sita kwenye kikombe, maji ya moto, dakika tano, rangi inakua ya asali. Uchina ua hili lina heshima kubwa, liko kwenye yale manne wanayoyaita waungwana, pamoja na mwanzi, orkidi na plamu, na mshairi wao Tao Yuanming wa karne ya nne na ya tano aliacha kazi ya serikali akarudi kijijini kulima na kuchuma krisanthemu kwenye uzio wa mashariki, mpaka leo ukisema krisanthemu wanamkumbuka yeye. Siku ya tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda yao wanapanda milimani na wanaheshimu wazee. Hapo ndo yale maisha marefu ya kwenye kadi yalipotokea, sio hewani. Mwenzangu wa Kijapani darasani alinionyesha pasipoti yake, juu kuna krisanthemu la petali 16, alama ya nyumba ya mfalme wao. Halafu akaniambia na kwao jeupe ni la msibani. Kwahiyo hata huko vyote viwili vinaishi pamoja, heshima ya juu na msiba, na hakuna anayeona ajabu.

Kuna na paka. Madame ana paka, na mimi sikujua krisanthemu ni sumu kwa paka na mbwa. Yule paka alitafuna majani Agosti, akatoka mate na kutapika, daktari wa wanyama alitoza yuro 85 nikalipa mimi. Alipona. Ukiwa na mnyama ndani weka juu au nje, usijaribu.

Sasa Agosti ilivyokaribia kuisha majani yamejaa, mmea umenawiri kuliko nilivyoununua, ila hakuna kitumba hata kimoja. Nimeweka mbolea, hakuna. Nikamrudia mzee wa sokoni akaniuliza swali moja tu, usiku hapo dirishani pana giza? Hapana. Kuna taa ya barabarani inamulika hadi asubuhi.

Krisanthemu linahesabu usiku. Linataka giza refu lisilokatizwa ndo lianze kutoa maua, na mwanga wa taa tu unalidanganya kwamba bado ni kiangazi. Watafiti wawili Wamarekani, Garner na Allard, walionyesha mwaka 1920 kwamba urefu wa siku ndo unaamua mimea mingi ichanue lini, na baadae wengine wakaona kinachohesabiwa hasa ni giza. Ndo maana wakulima wa krisanthemu wanafunika mabanda kwa vitambaa vyeusi wakitaka lichanue, na Uganda na Kenya wanaozalisha vipandikizi vya kupeleka Ulaya wanafanya kinyume, wanawasha taa usiku, maana karibu na ikweta usiku una urefu wa kama saa kumi na mbili mwaka mzima na mmea usipodanganywa unatoa maua kabla haujatoa vipandikizi vya kutosha.

Nikatafuta boksi la kadibodi. Kuanzia tarehe 1 Septemba, saa 12 jioni nafunika, saa 2 asubuhi nafunua, kila siku bila kuruka, hata Jumapili, hata nikiwa naumwa. Nikichelewa chuo Madame anafunika. Hatukupanga, siku moja nilirudi saa 3 usiku nikakuta limefunikwa na juu ya boksi ameweka kitabu kizito lisipeperuke. Wiki ya tano vitumba. Wiki ya nane la kwanza likafunguka, la njano ileile.

Tarehe 31 Oktoba Madame aliniuliza kama kesho nina kazi. Nikasema sina. Akasema basi uje na lako.

Tulienda Saint-Pierre, makaburi makubwa kuliko yote ya Marseille, basi limejaa watu na kila mtu ana chungu mapajani. Kama utaenda siku hiyo nenda asubuhi mapema, beba chupa ya maji maana kwenye mabomba pana foleni, beba brashi na kitambaa, na uchukue chungu chenye maua madogomadogo mengi kama utaweza kuchagua, yale makubwa yanavunjika na upepo wa Marseille. Usiingie na muziki. Ukikutana na watu wanasalimia kwa sauti ya chini, na wewe salimia.

Njiani nilimwambia Madame kwamba ua hili lilitua Ufaransa kupitia mji wake, mfanyabiashara wa Marseille anaitwa Blancard alileta miche mitatu kutoka Uchina mwaka 1789, miwili ikafa ukabaki mmoja. Alikua hajui. Akasema mume wake angependa kulisikia hilo, alikua mtu wa bandarini.

Tukasugua jiwe, nikachota maji mara tatu. Akaweka lake jeupe katikati. Mimi nilisimama na langu sijui niliweke wapi, maana bibi yangu yuko Umalila chini ya udongo mwekundu na hapa sio kwake. Madame akaniuliza bibi yako alikua anaitwa nani. Nikamwambia. Akalirudia jina mara mbili mpaka akalitamka sawasawa, kisha akainama akasogeza chungu cha mume wake upande wa kushoto, akanionyesha pale palipobaki nafasi.